Goti linataka kukunjwa, nyonga inataka kulindwa: wiki 6 za mwanzo baada ya kubadilishiwa kiungo

Aliyewekewa goti jipya huambiwa akunje, akunje tena, asiliache likaganda. Aliyewekewa nyonga mpya huambiwa asikunje kupita kiasi. Wote wawili wana magongo, wote wana plasta ndefu juu ya mshono, na wakisharudi nyumbani, iwe Mkoani, Pemba, au Mwembetanga, mjini Unguja, majirani husema neno lile lile: kabadilishwa mfupa. Basi aliyewahi kuuguza goti humpa mwenye nyonga ushauri wa goti, na aliyeuguza nyonga humwambia mwenye goti apumzike, asijitese. Kila ushauri ulikuwa sawa ulikotoka. Ukihamishwa ndipo unapodhuru.

Tofauti inaanzia kwenye kazi iliyofanywa ndani. Kwenye goti, daktari huchonga ncha ya mfupa wa paja na ncha ya mfupa wa ugoko, akazivika chuma, na baina yake akaweka kipande cha plastiki ngumu kinachoshika nafasi ya gegedu, ule utando laini wa ncha za mifupa, iliyolika. Kano za pembeni zinabaki, kwa hiyo kiungo kimeshikwa, hakichomoki ovyo. Adui wake ni kovu la ndani. Mwili ukipata jeraha kubwa hujenga nyama ngumu, na goti likilazwa wiki 3 bila kukunjwa, nyama hiyo hulifunga kama kamba.

Nyonga ni habari nyengine. Kichwa cha mfupa wa paja kimekatwa na kutolewa, chuma kirefu kimezamishwa ndani ya mfupa, juu yake kuna tufe, na tufe hilo linazunguka ndani ya kikombe kilichopachikwa kwenye mfupa wa kiuno. Nyonga haisumbui sana kwa kuganda. Lakini ili afike huko, daktari amepasua mfuko wa nyama unaozunguka kiungo na pengine baadhi ya misuli. Mpaka vishikane tena, wiki 6 hadi 12, kinachozuia tufe lisitoke kikombeni ni namna mgonjwa anavyouweka mguu wake. Goti ukilihurumia mno linaganda. Nyonga ukiiharakisha inatoka.

Kwa hiyo kabla ya kuondoka hospitali kuna maswali mawili ya kuuliza, na majibu yake yaandikwe kwenye karatasi. La kwanza ni kwa mwenye nyonga: daktari amepita mbele au nyuma? Akipita nyuma, upande wa tako, masharti ni kutokunja nyonga kupita nyuzi 90 (kona ya daftari), kutopishanisha miguu, na kutogeuza vidole vya mguu kuelekea ndani. Akipita mbele, masharti hugeuka: mguu usivutwe nyuma sana na wayo usigeuzwe kwenda nje. Wapo madaktari wanaolegeza masharti haya na wapo wanaoyakaza, ndiyo maana lazima aulizwe aliyeshika kisu. La pili ni kwa wote: mguu unaruhusiwa kubeba uzito wote, nusu, au kugusa chini tu? Wapo wanaofanyiwa Dar es Salaam, kama pale Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), na wapo wanaopelekwa India. Maswali haya yakisahaulika huko, jawabu linabaki ng'ambo ya bahari.

Maumivu na uvimbe: kipi cha kawaida

Siku ya kwanza hudanganya. Ganzi ya mgongoni, na mara nyingi dawa iliyochomwa kuzunguka kiungo, bado inafanya kazi. Mgonjwa anakaa, anacheka na wageni, anasema alhamdulillahi sikutarajia. Siku ya pili au ya tatu ganzi imekwisha, maumivu yanapanda, na nyumba nzima inaingiwa na hofu kwamba pana kitu kimeharibika. Kwa kawaida hakijaharibika kitu. Wiki 2 za mwanzo ndizo nzito kuliko zote, khasa kwa goti, na usiku ni mzito kuliko mchana. Kwa kawaida nyonga hutulia mapema. Mwenye goti asijipime naye.

Dawa za maumivu zinywewe kwa saa. Kusubiri mpaka maumivu yazidi ndipo dawa itafutwe ni kosa linalowanyima watu wengi usingizi, kwa sababu maumivu yaliyokwisha panda huchukua muda kushuka. Paracetamol ya miligramu 500, kwa mtu mzima asiye na maradhi ya ini, ni vidonge 2 kila baada ya saa 6: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 magharibi, saa 6 usiku. Visizidi 8 kwa siku nzima, na dawa za mafua zisiongezwe juu yake, maana nyingi zina paracetamol hiyo hiyo ndani. Diclofenac na ibuprofen zisinunuliwe dukani kwa shauri la jirani. Zinapandisha presha, zinaumiza figo na tumbo, na zikikutana na dawa ya kuzuia damu kuganda, hatari ya kutoka damu inakuwa kubwa. Kama hospitali imetoa dawa kali kama tramadol, choo kitafunga. Maji, mapapai na kutembeatembea vianze siku ile ile, pasingojwe siku ya nne. Dozi moja ya maumivu ipangwe inywewe kiasi cha saa moja kabla ya mazoezi.

Uvimbe nao una njia yake. Huzidi ndani ya wiki ya kwanza mpaka ya pili, mgonjwa anapoanza kusimama zaidi, kisha hupungua polepole kwa miezi. Damu iliyovuja ndani huteremka, ndiyo ukaona paja, ugoko, mpaka kifundo cha mguu vimegeuka rangi ya zambarau na baadaye manjano, mahali ambapo kisu hakikufika kabisa. Goti hubaki na joto miezi kadhaa. Ngozi ya upande wa nje wa mshono wa goti hufa ganzi, na sehemu yake huenda isirudi kabisa. Goti hulia "tak" linapokunjwa, ni chuma na plastiki zinagusana. Mwenye nyonga huhisi mguu mmoja mrefu kuliko mwengine. Mara nyingi ni misuli iliyokaza, kwa hiyo asikimbilie kuongeza soli ya kiatu kabla ya miezi 3.

Kwa uvimbe, dawa ni kulala na mguu mzima ukiwa juu kuliko moyo. Kukaa kitini na mguu juu ya stuli hakutoshi. Barafu iliyofungwa ndani ya taulo iwekwe dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku. Barafu tupu juu ya ngozi iliyokufa ganzi huunguza na mgonjwa asijue.

Hapa tuseme wazi jambo moja, kwa sababu linafanywa kwa mapenzi: kukanda. Nyumba zetu zinajua kukanda. Mzazi hukandwa, aliyeteguka hukandwa, na mgonjwa akirudi na mguu umevimba, bibi huweka maji jikoni na kuulizia mafuta ya karafuu. Kwa kiungo kipya, zuieni. Maji ya moto huongeza uvimbe. Mafuta ya karafuu huwasha na kuchoma mshono mbichi, na chochote kinachoingia kwenye mshono kinaweza kufika kwenye chuma. Na kubwa zaidi, ndani ya kigimbi huenda pameganda damu; mkono unaokanda unaweza kuing'oa ikapanda mpaka kwenye mapafu. Bibi apewe kazi ya kushika barafu na kuhesabu mazoezi. Bado ni uuguzaji, na unafaa zaidi.

Kazi ya goti

Goti huhesabiwa kwa nyuzi. Likinyooka kabisa ni 0. Likikunjwa kama kona ya daftari ni 90. Kutembea kwenye sakafu kunataka kiasi cha nyuzi 65 hadi 70. Ngazi zinataka 90 na zaidi. Kuinuka kutoka kiti cha chini kunapita 100. Kitako cha tahiyatu, ambapo mtu hukalia miguu yake, kinapita 140, na magoti mengi ya bandia huishia baina ya 110 na 125. Hili mgonjwa ana haki ya kuambiwa kabla hajapasuliwa, sio aje kuligundua mwenyewe mwezi wa sita akiwa juu ya msala. Lengo la wiki ya pili mpaka ya tatu ni goti linyooke lote na lifike 90.

Watu hukumbuka kukunja, wakasahau kunyoosha. Kosa lenyewe ni mto. Mgonjwa analala, goti linauma, mtu mwema anampachikia mto chini ya goti, na kweli anapata nafuu. Akilala hivyo kila usiku, baada ya wiki chache goti halinyooki tena, na goti lisilonyooka humfanya mtu achechee maisha. Mto uwekwe chini ya kisigino, goti libaki hewani. Litauma nyuma. Aanze dakika 5, apande mpaka 15, mara 3 au 4 kwa siku.

Kukunja kunafanywa vizuri sana kwa kanga. Ikunjwe kwa urefu mpaka iwe mkanda, ipitishwe chini ya wayo, mgonjwa ashike ncha zote mbili. Amelala chali juu ya kitanda kigumu, avae soksi ili kisigino kiteleze. Anakiburura kisigino kuelekea tako kwa nguvu za mguu wenyewe mpaka goti likatae. Hapo ndipo kanga inapofanya kazi: anaivuta taratibu, kidogo tu kupita pale goti lilipokatalia, anahesabu mpaka 10, anaachia. Mara 10, kisha anapumzika. Mkono unaovuta uwe wake mwenyewe. Jamaa mwenye nguvu anayelikandamiza goti la mwengine kwa nia ya kulisaidia anaweza kukata kano ya mbele au kufungua mshono.

Yapo mazoezi mengine mawili ya kitandani: kukaza misuli ya paja kwa kulikandamiza goti chini, kuhesabu 5 na kuachia, na kuinua mguu ulionyooka shibiri moja kutoka kitandani. Paja likishapata nguvu, goti huacha kulegea ghafla mgonjwa anaposimama.

Kipimo cha kujua umezidisha ni asubuhi ya pili. Maumivu yanayopanda wakati wa mazoezi na kutulia ndani ya saa moja ni ya kazi. Goti likiamka limevimba zaidi ya jana na limekuwa gumu, jana lilitumika kupita kiasi, na mara nyingi chanzo si mazoezi bali ni kusimama jikoni au kusindikiza wageni. Punguza nusu siku hiyo, usiache kabisa. Likiwa bado chini ya 90 wiki ya sita, mrudisheni kwa daktari. Yapo magoti yanayokunjwa chini ya dawa ya usingizi, na jambo hilo huleta faida likifanywa mapema, ndani ya kiasi cha miezi 3.

Nyonga na nyumba zetu

Mazoezi ya nyonga ni machache, na kutembea ndiyo makubwa yake: dakika 5 hadi 10, mara kadhaa kwa siku, ikiongezwa kila wiki. Kazi yenyewe iko kwenye nyumba. Maisha yetu yako chini. Chakula mkekani, jiko la mkaa sakafuni, choo cha kuchutama, Sala. Nyumba ya Kizanzibari humpitisha mtu nyuzi 90 mara ishirini kwa siku bila mwenyewe kuhisi.

Tazama mbuzi ya kukunia nazi. Kikalio chake kiko chini kabisa, magoti yanapanda juu karibu na kifua, na mkunaji anainama mbele kila anapozungusha kifuu. Kwa nyonga iliyofunguliwa kwa nyuma, hakuna mkao mbaya kuliko huo: imekunjwa kupita kiasi, paja linaelekea ndani, na kiwiliwili kinasukuma. Mama aliyezoea kukuna nazi yake kwa miaka arubaini atajisikia mzima wiki ya tano na atakaa. Mbuzi iondoke jikoni mpaka daktari aruhusu, na mtu mwengine akune.

Kiti kinachofaa ni kile ambacho mgonjwa akikaa magoti yake yako chini kidogo kuliko nyonga. Kwa watu wengi ni urefu wa sentimita 45 hadi 50, kiwe na mikono ya kushikia. Akitaka kuinuka, ajisogeze mpaka ukingoni, mguu uliopasuliwa autangulize mbele, asukume kwa mikono. Kitanda cha besera, kwa urefu wake, kinamfaa mwenye nyonga kuliko godoro la chini, ila nyayo zote mbili zifike sakafuni akikaa ukingoni. Akilala ubavu awe na mto mzito baina ya miguu.

Choo cha kuchutama hakifai kabisa. Fundi anaweza kutengeneza kiti cha mbao au chuma chenye tundu, kikawekwa juu yake. Kiti cha plastiki kilichotobolewa kinatumika sana na kinatisha: miguu yake hutanuka kwenye sakafu yenye maji, hupasuka, na mgonjwa huanguka upande aliopasuliwa. Mitalawanda na kandambili zilizolika zitolewe bafuni, na mkeka au msala wowote unaoteleza njiani ukunjwe.

Sala ni kitini, na rukuu na sijda kwa ishara ya kichwa, bila kuinamisha kiwiliwili. Kutawadha miguu, mgonjwa akae kiti kirefu, mtu ammiminie maji. Asiupandishe mguu kwenye beseni. Kuhusu kutawadha penye plasta, sheikh aulizwe.

Nyonga ikitoka, mgonjwa hatakuwa na shaka: maumivu ya ghafla, hawezi kuukanyaga mguu, na mguu umekuwa mfupi na umegeuka ndani au nje. Msimvute. Alazwe, mguu ukae jinsi ulivyo, apelekwe hospitali yenye ekserei.

Ngazi, magongo na safari

Mguu mzima hutangulia kupanda; uliopasuliwa hutangulia kushuka, pamoja na magongo. Ngazi za Mji Mkongwe ni za wima na vidato havilingani, kwa hiyo ikiwezekana mgonjwa ahamishiwe chumba cha chini kwa wiki za mwanzo. Anayemsaidia lazima awe na mkono huru, na akae daima upande wa chini wa ngazi. Gongo la kwapani liache nafasi ya vidole 2 au 3 chini ya kwapa, uzito ubebwe na viganja. Ukilalia kwapa, mishipa ya fahamu inabanwa na mkono unakufa ganzi. Akibakiwa na fimbo moja, aishike mkono wa upande wa mguu mzima. Wengi huishika upande wa maumivu, wakazidi kuchechea. Mipira ya chini ikilika ibadilishwe.

Boti ya kasi kutoka Dar es Salaam hadi Unguja huchukua takriban saa 2. Ombeni kiti cha magurudumu bandarini, mpandisheni kabla ya msongamano, mkalisheni kiti cha pembeni mwa njia ili mguu unyooke, na apige kifundo cha mguu juu na chini mara 10 kila nusu saa. Kwenye gari ndogo, kiti kisogezwe nyuma na kilazwe kidogo, tako litangulie, kisha miguu yote miwili pamoja. Daladala zenye mabenchi ya chini na bodaboda zingoje.

Dalili zisizosubiri asubuhi

Damu kuganda ni hatari ya wiki nyingi, sio ya siku chache. Ndiyo maana dawa ya kuizuia hutolewa kwa kawaida kiasi cha siku 14 kwa goti na mpaka siku 35 kwa nyonga, kutegemea dawa na mgonjwa. Haikatwi kwa sababu mtu anajisikia vizuri. Uvimbe wa kawaida hupungua usiku mguu ukiwa juu. Usiopungua, kigimbi kinachouma na kukaza, ni cha kuonwa siku hiyo hiyo. Kifua kuuma, pumzi kukatika au kukohoa damu ni gari sasa hivi, hata iwe saa 8 za usiku. Ramadhani ikikuta wiki hizi, kiu huzidisha hatari hiyo na hufunga choo. Mgonjwa ana rukhsa yake, na daktari aulizwe kabla ya kufunga.

Mshono hutolewa nyuzi au pini baina ya siku ya 10 na ya 14. Mpaka ngozi ishikane kabisa, hakuna bahari, hata maji ya kina kifupi. Ukitoa majimaji baada ya wiki ya kwanza, ukizidi wekundu, ukinuka, au homa ikirudi, mpelekeni kwa aliyempasua. Na tafadhali msimpe antibayotiki za dukani kwanza. Zinakausha juu, vijidudu vinabaki vimejishika kwenye chuma, na kipimo kikija kuchukuliwa hakionyeshi kitu. Maambukizi yanayojulikana mapema huenda yakasafishwa na kiungo kikabaki. Yaliyofichwa miezi huishia kiungo kutolewa.

Wiki ya sita ni ya kurudi kliniki. Nendeni na ile karatasi ya masharti, orodha ya dawa, na swali mahsusi: nini kimeruhusiwa sasa, kuinama, kuendesha gari, kulala ubavu, kuacha gongo? Ombeni pia kadi au stika za kiungo, zenye aina, saizi na namba yake. Miaka 15 au 20 mbele, kikihitaji kurekebishwa, daktari mwengine atataka kujua ni kipi kiko ndani. Ipigeni picha kwa simu, na picha hiyo iwe kwa watu wawili nyumbani.